Android asilia

Android asilia (pia: Android safi) ni jina linalotumiwa kwa mfumo wa uendeshaji wa Android unapokuwa katika simu janja jinsi ulivyotolewa na kampuni ya Google, bila mabadiliko makubwa kutoka kwa kampuni iliyotengeneza simu yenyewe. Kinyume chake ni Android iliyorekebishwa, yaani ile ambayo mtengenezaji ameibadilisha sura, akaiongezea programu na uwezo wake mwenyewe, na mara nyingi akaipa jina jipya, kama vile One UI ya Samsung, HyperOS ya Xiaomi au HiOS ya Tecno.

Simu nyingi za Android zinazouzwa duniani, zikiwemo zile za Afrika Mashariki, hutumia Android iliyorekebishwa. Tofauti kati ya aina hizi mbili humgusa mtumiaji hasa katika nafasi inayobaki kwenye hifadhi, muda wa kupata masasisho, wingi wa mambo ambayo simu inaweza kufanya, na faragha.

Asili ya tofauti

Kampuni ya Android Inc. iliundwa mwaka 2003 huko Palo Alto, California, nchini Marekani, ikanunuliwa na Google mwaka 2005. Tarehe 5 Novemba 2007 mfumo huo ulitangazwa pamoja na umoja wa makampuni ulioitwa Open Handset Alliance. Simu ya kwanza kuuzwa ikiwa na Android ilikuwa HTC Dream ya mwaka 2008.

Msimbo wa chanzo wa Android hutolewa hadharani kupitia mradi wa AOSP, sehemu yake kubwa ikiwa chini ya leseni ya Apache 2.0. Leseni hiyo inamruhusu mtu au kampuni yoyote kuuchukua msimbo, kuubadilisha na kuuweka kwenye kifaa chake bila kulazimika kuonyesha mabadiliko aliyofanya. Kwa kuwa makampuni mengi huuza simu zenye vipuri vinavyofanana, programu ni mojawapo ya njia chache za kujitofautisha na washindani.

Uhuru huo una mipaka. Play Store, Gmail na Ramani za Google si sehemu ya AOSP. Kampuni inayotaka kuziweka lazima iwe na mkataba na Google, na simu zake zipite majaribio ya ulinganifu. Ndiyo maana programu ileile hufanya kazi katika simu ya Samsung na ya Infinix ingawa sura za simu hizo hazifanani. Mwezi Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa sababu ya masharti ya aina hiyo, pamoja na mengine. Mwaka 2022 mahakama iliipunguza hadi euro bilioni 4.125.

Simu zenye Android asilia

Google haikutengeneza simu zake mwanzoni, bali ilishirikiana na makampuni mengine katika mfululizo wa Nexus. Simu ya kwanza, Nexus One, ilitengenezwa na HTC na kutolewa Januari 2010. Zilifuata nyingine zilizotengenezwa na Samsung, LG, Motorola na Huawei. Mwaka 2016 mahali pa Nexus palichukuliwa na simu za Pixel.

Mwaka 2014 Google ilianzisha nchini India mpango wa Android One kwa ajili ya simu za bei nafuu. Baadaye mpango huo uliingia pia katika simu za bei ya kati, kama Xiaomi Mi A1 ya mwaka 2017 na simu za Nokia zilizotengenezwa na HMD Global. Simu hizo ziliahidiwa matoleo mapya ya Android kwa miaka 2 na masasisho ya usalama kwa miaka 3.

Toleo jepesi la Android Go lilitolewa Desemba 2017 kwa ajili ya simu zenye RAM ya GB 1 au chini ya hapo. Kiwango hicho kimepandishwa katika matoleo yaliyofuata.

Neno "asilia" halina mpaka mkali. Pixel ina uwezo kadhaa ambao haumo katika AOSP wala katika simu nyingine, kwa hiyo wengine huihesabu kuwa nayo imerekebishwa, isipokuwa aliyeirekebisha ni Google yenyewe.

Matoleo yaliyorekebishwa

Miongoni mwa matoleo yanayojulikana zaidi ni haya:

- Sense ya HTC, iliyoanza na simu ya HTC Hero mwaka 2009.
- TouchWiz ya Samsung, ambayo baada ya kubadilishwa jina ilifuatwa na One UI, iliyotangazwa mwaka 2018.
- MIUI ya Xiaomi, iliyoanza mwaka 2010. Mwaka 2023 kampuni ilitangaza HyperOS kuchukua nafasi yake.
- EMUI ya Huawei, iliyoanza mwaka 2012.
- ColorOS ya Oppo, iliyoanza mwaka 2013.
- HiOS ya Tecno na XOS ya Infinix, zote za kampuni ya Transsion yenye makao yake Shenzhen, China.

Uwezo ulioanzia kwa watengenezaji

Mambo mengi yanayoonekana leo kuwa ya kawaida katika Android yalianza katika matoleo yaliyorekebishwa. Simu za laini mbili zilikuwa sokoni kwa miaka kadhaa kabla ya Android 5.1 ya mwaka 2015 kuzitambua rasmi. Kabla ya hapo kila mtengenezaji alijiandikia sehemu hiyo mwenyewe. Samsung iliruhusu programu mbili kuonekana pamoja kwenye skrini tangu mwaka 2012, ilhali Android asilia ilipata uwezo huo katika toleo la 7.0 la mwaka 2016. Alama ya kidole ilitumika katika Motorola Atrix mwaka 2011, na Google iliiwekea utaratibu wa pamoja katika Android 6.0 ya mwaka 2015. Kurekodi skrini kuliingia rasmi katika Android 11 ya mwaka 2020, na picha ndefu ya skrini katika Android 12 ya mwaka 2021, baada ya kuwepo kwa miaka katika simu za makampuni mbalimbali.

Mtu aliyenunua simu yenye Android asilia wakati huo alikosa mambo hayo, au alilazimika kuyatafuta katika programu za watu wengine. Kwa upande mwingine, wingi wa vitu una gharama yake: menyu hurefuka, mipangilio hujificha, na mtumiaji anayehama kutoka chapa moja kwenda nyingine hulazimika kujifunza upya.

Masasisho

Toleo jipya la Android hupita mikono kadhaa kabla ya kumfikia mtumiaji. Google hutoa msimbo. Kampuni za vichakato kama Qualcomm na MediaTek hutayarisha sehemu zinazohusu vichakato vyao. Kisha mtengenezaji wa simu huhamishia humo mabadiliko yake na kuyajaribu. Kadiri mabadiliko yalivyo mengi, ndivyo kazi hiyo inavyokuwa kubwa. Katika simu nyingi za bei ya chini mtengenezaji huacha kuifanya mapema, na simu hubaki na toleo lilelile ililonunuliwa nalo.

Ili kupunguza tatizo hilo, Google ilileta mradi wa Treble katika Android 8.0 ya mwaka 2017. Mradi huo ulitenganisha sehemu zinazohusu kichakato na mfumo wenyewe, ili mfumo uweze kubadilishwa bila kugusa sehemu hizo.

Hata hivyo, Android asilia peke yake si dhamana ya masasisho. Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung ikaahidi muda huohuo kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, ambayo ina One UI. Simu za Android One, zilizokuwa na mfumo karibu na ule wa asili, ziliahidiwa muda mfupi zaidi. Kinachoamua ni ahadi ya mtengenezaji kwa simu husika.

Hifadhi na betri

Programu zinazowekwa kiwandani hukaa katika sehemu ya hifadhi ambayo mtumiaji hawezi kuigusa. Akizima programu ya namna hiyo hupata nafasi iliyochukuliwa na data na masasisho yake tu. Nafasi ya programu yenyewe hairudi. Katika simu yenye hifadhi ya GB 256 jambo hilo halionekani sana. Katika simu ya GB 16 au 32 linaweza kuamua kama kutabaki nafasi ya picha na video za WhatsApp.

Baadhi ya matoleo yaliyorekebishwa husimamisha programu zinazofanya kazi chinichini kwa ukali kuliko Android asilia. Betri hudumu zaidi, lakini jumbe zinaweza kuchelewa hadi programu ifunguliwe. Mara nyingi mtumiaji anaweza kuondoa kizuizi hicho kwa programu mojamoja katika mipangilio ya betri.

Faragha na usalama

Katika simu za bei nafuu watengenezaji kadhaa huongeza mapato kwa matangazo ndani ya mfumo, au kwa malipo ya kampuni ambazo programu zao zimewekwa kiwandani. Hatari huongezeka pale ambapo programu ya kampuni nyingine inapewa mamlaka ya mfumo. Mwaka 2016 kampuni ya usalama ya Kryptowire ilieleza kwamba programu ya kampuni ya Adups, iliyokuwemo katika simu kadhaa za Android zikiwemo za BLU zilizouzwa Marekani, ilikuwa ikituma jumbe fupi na taarifa nyingine za watumiaji kwenye seva zilizoko China bila wao kujua.

Android asilia yenye huduma za Google nayo hukusanya taarifa za mtumiaji kwa ajili ya Google. Faida yake ni kwamba idadi ya makampuni yanayopata mamlaka ndani ya simu ni ndogo.

Afrika Mashariki

Huawei IDEOS, mojawapo ya simu za Android za bei nafuu zilizoenea mapema nchini Kenya, ilikuwa na Android 2.2 isiyobadilishwa sana. Baadaye soko la simu za bei nafuu lilichukuliwa kwa sehemu kubwa na Tecno, Infinix na Itel, chapa tatu za Transsion. Marekebisho ya kampuni hiyo yalilenga wateja wa Afrika: kamera zinazopiga vizuri nyuso za watu weusi, nafasi ya laini zaidi ya moja, na matumizi madogo ya betri.

Mwezi Julai 2020 Safaricom na Google zilianzisha nchini Kenya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja alilipia simu yenye Android Go kwa shilingi 20 kwa siku.

Huduma za fedha kama M-Pesa zinazotumika kwa menyu ya laini hazitegemei aina ya Android, na hupatikana hata katika simu ndogo za vitufe. Programu za M-Pesa na za benki ni tofauti: huhitaji toleo la Android lisilo la zamani mno. Kwa hiyo simu isiyopata masasisho inaweza kupoteza huduma hizo ikiwa bado nzima.

Kubadilisha mfumo

Mtumiaji asiyependa sura ya simu yake anaweza kuweka programu nyingine ya skrini ya mwanzo kutoka Play Store. Hiyo hubadilisha mwonekano tu; mfumo wenyewe hubaki ulivyo. Njia nzito zaidi ni kuweka mfumo mwingine kabisa, kama LineageOS, ulioanza Desemba 2016 baada ya CyanogenMod kusitishwa. Kazi hiyo kwa kawaida hufuta data zote za simu, haiwezekani kwa simu zote, na baada yake baadhi ya programu za benki hukataa kufunguka.

Tazama pia

- Android
- Google Pixel
- Simu janja
- Mfumo wa uendeshaji