Umeme Ulivyolipa Gita la Bluzi Nafasi ya Kunyamaza

Wapenzi wa gita la umeme hawachoki kubishana juu ya sauti. Mmoja anaapa kwa Fender, mwingine haambiwi lolote mbele ya Gibson, na wa tatu anashikilia kwamba utamu wote unatoka kwenye amplifaya. Ni ubishi mzuri, nami huuingia kwa moyo wote. Hata hivyo, ukiifuata historia ya bluzi tangu mashamba ya pamba ya Mississippi hadi kumbi za Chicago, utaona kwamba sauti mpya ilifanya zaidi ya kulipamba gita. Ilibadili kile ambacho mpigaji aliweza kukisema, na hasa ilimruhusu kunyamaza.

Kabla ya umeme, kunyamaza kulikuwa na gharama. Noti ya gita la kawaida hufifia upesi, na mwanabluzi wa miaka ya 1920 mara nyingi alikuwa peke yake mbele ya watu waliokuja kucheza usiku kucha. Dole gumba lilishika besi, vidole vingine vikajaza juu yake, na mkono ukisita kidogo tu, dansi ilizorota. Charley Patton na Son House waliyakung'uta magita yao kwa nguvu ili wasikike. Waliotaka noti irefuke walitelezesha shingo ya chupa au kisu juu ya nyuzi, na hapo gita likakaribia kulia kama binadamu. Kweli, Lonnie Johnson alikwisha kupiga uzi mmoja mmoja kwa ufasaha mkubwa kwenye santuri za miaka hiyo hiyo ya 1920, na wote waliomfuata wana deni kwake. Lakini studio ni chumba tulivu. Katika ukumbi wenye ngoma, tarumbeta na watu wanaopiga soga, noti moja ya namna ile ilimezwa.

Ufumbuzi ulipatikana Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1930, tena kwa ajili ya muziki mwingine kabisa. George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walikuwa wakihangaikia gita la Hawaii, lile linalopigwa likiwa limelazwa mapajani. Chini ya nyuzi za chuma waliweka sumaku pamoja na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi mno. Uzi ukitetemeka, nguvu ya sumaku inayumba, waya unazalisha umeme kidogo, na amplifaya inaukuza hadi spika ingurume. Hiyo ndiyo pikapu, na mpaka leo kanuni yake ni ile ile. Mwaka 1936 Gibson walitoa gita lao la ES-150, na kijana Charlie Christian akalipigia jazi katika kundi la Benny Goodman kuanzia 1939. Alifariki 1942 akiwa na umri wa miaka 25.

Kwenye bluzi, mlango ulifunguliwa na T-Bone Walker, mzaliwa wa Texas mwaka 1910. Utotoni alikuwa akimwongoza mwimbaji kipofu, Blind Lemon Jefferson, katika mitaa ya Dallas. Sikiliza wimbo wa Walker "Call It Stormy Monday", uliorekodiwa 1947. Anaimba mstari, anauacha, gita linajibu kwa noti chache laini, kisha nalo linapisha. Hakuna pengo linaloogopwa humo.

Hapa inafaa kulieleza umbo lenyewe la bluzi, maana ndilo darasa la kwanza la anayejifunza kubuni papo kwa papo. Bluzi ya kawaida ina vipimo 12 vya mapigo manne manne na kodi tatu za msingi, yaani mafungu ya noti zinazopigwa pamoja. Ubeti una mistari mitatu: wa kwanza, wa pili unaorudia wa kwanza, na wa tatu unaofunga hoja. Kila mstari umetengewa vipimo vinne, lakini maneno hula viwili hivi. Vilivyobaki ni vya gita. Mwimbaji ameita, gita linaitikia. Desturi hiyo ilivuka bahari pamoja na Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani, ikakaa kwenye nyimbo za kazi na makanisani kabla ya kuingia kwenye bluzi. Ndiyo maana mwanafunzi anayepanda na kushuka skeli ya noti tano siku nzima hucheza noti sahihi ambazo hazimjibu mtu yeyote.

Sidhani kama yupo aliyelielewa hilo zaidi kuliko Riley King, ambaye dunia ilimjua kwa jina la B.B. King. Alizaliwa Mississippi mwaka 1925, akahamia Memphis, na huko akawa mtangazaji wa redio ya WDIA akipiga santuri za wengine. Aliwapenda T-Bone Walker na Lonnie Johnson, na pia Django Reinhardt wa Ulaya. Bukka White, binamu wa mama yake, alikuwa bingwa wa kutelezesha chuma juu ya nyuzi. King alishindwa kuiga mbinu hiyo, akaitafuta sauti ile kwa kidole kitupu: alikitikisa upesi upesi juu ya uzi hadi noti ikatetemeka na kurefuka kama koo la mwimbaji. Magita yake yote aliyaita Lucille. Jina hilo lilitokana na mkasa wa mwaka 1949 huko Twist, Arkansas, ambako wanaume wawili waliopigania mwanamke mwenye jina hilo waliangusha pipa la mafuta ya taa lililowashwa kwa ajili ya joto, na ukumbi ukateketea. King alikuwa amekwisha kutoka, akarudi ndani ya moto kulichukua gita lake.

Alisema waziwazi kwamba hawezi kuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Katika albamu ya "Live at the Regal", iliyorekodiwa Chicago mwezi Novemba 1964, upungufu huo umegeuka kuwa nguvu yake yote. Akifungua kinywa, gita kimya. Akifunga, Lucille anaanza, mara nyingi kwa noti moja tu iliyovutwa kutoka chini. Noti hiyo haikai kwenye alama yoyote ya shingo ya gita. Imo katikati ya ile inayosikika kama huzuni na ile inayosikika kama furaha, na haipatikani bila kuvuta uzi huku sikio likiamua mahali pa kusimama. Bila amplifaya noti hiyo ingekufa kabla hajamaliza kuitikisa. Kwa kuwa inadumu, anaweza kuisubiri ifike, kisha asiongeze neno.

Chicago, sauti ilikuwa na vumbi zaidi. Kati ya 1910 na 1970 Wamarekani weusi wapatao milioni sita waliyahama majimbo ya Kusini, na miongoni mwao alikuwa Muddy Waters, aliyefika Chicago mwaka 1943. Baa za huko zilikuwa na kelele, amplifaya zilikuwa ndogo, nao wapigaji wakazifungulia hadi mwisho. Vali za amplifaya zikizidiwa, hukata vilele vya mawimbi. Mkato huo huzaa sauti nyingine juu ya noti ya asili na kuifanya nene, kali, ngumu kufa. Memphis mwaka 1951, wakati wa kurekodi wimbo "Rocket 88", amplifaya ya mpiga gita Willie Kizart ilikuwa imeharibika njiani. Walijaza karatasi kwenye spika yake, na mwenye studio, Sam Phillips, akaipenda sauti ile iliyochanika akaiacha kama ilivyo.

Vijana wa Uingereza waliidaka sauti hiyo kupitia santuri. Jim Marshall, muuza ngoma wa London, alianza mwaka 1962 kuunda amplifaya kwa kufuata mfano wa Fender Bassman, na mwaka 1966 Eric Clapton alichomeka gita la Gibson Les Paul kwenye Marshall, akafungua sauti na kukataa kuipunguza studio. Albamu aliyoirekodi na John Mayall ilibadili gita duniani kote. Kwa maoni yangu, hapo faida ilikuja na hasara: noti sasa ilidumu bila jasho, na wengi waliofuata wakasahau kupumua.

Tofauti za vyombo zipo, wala sizibezi. Leo Fender, fundi redio wa California ambaye hakujua kupiga gita, alitoa gita la Telecaster lenye urefu wa uzi wa milimita 648 hivi. Gibson nyingi zina 628 hivi. Uzi mrefu hukazwa zaidi na hugonga kwa ukali zaidi. Pikapu ya koili moja, yaani fungu moja la waya uliozungushwa, hung'ara lakini huvuma. Ya koili mbili, iliyobuniwa na Seth Lover wa Gibson, huua mvumo na kuipa sauti unene. Albert Collins aliitumia Telecaster kwa vidole vitupu, akatoa sentensi fupi zenye makali. Albert King alishika gita la Flying V kwa mkono wa kushoto, nyuzi zikiwa zimegeuka juu chini, hivyo nyuzi nyembamba alizivuta kuelekea chini badala ya kuzisukuma juu. Noti anayoifikia kwa mvuto mmoja wa pole, wengine huiendea kwa hatua mbili tatu.

Septemba 1974 B.B. King alipanda jukwaani Kinshasa, katika tamasha la Zaire 74 lililoandaliwa kuambatana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Franco na TPOK Jazz walikuwapo, Tabu Ley pia. Msomaji aliyelelewa na muziki wa dansi ana sikio zuri la kulinganisha. Gita la solo la rumba lina sauti safi na noti fupi zinazofukuzana, na kwenye sebene halikati, kwa kuwa miguu ya wachezaji inalitegemea. Umeme ni ule ule, kazi ni nyingine.

Kisha kuna gita moja lililopita mikononi mwa watu watatu mashuhuri. Peter Green, mwanzilishi wa kundi la Fleetwood Mac mwaka 1967, alikuwa na Les Paul ya mwaka 1959 ambayo sumaku ya pikapu yake moja ilikaa kinyume. Pikapu zote mbili zikiwashwa pamoja, baadhi ya mawimbi hufutana na kubakiza sauti nyembamba, ya puani. B.B. King alimsifu Green kwa utamu wa sauti yake. Gita hilo lilikwenda kwa Gary Moore, aliyetoa mwaka 1995 albamu ya kumuenzi Green, na tangu 2014 limekuwa la Kirk Hammett wa Metallica. Anayetaka kulinganisha sauti aanze na "Need Your Love So Bad" ya Fleetwood Mac ya mwaka 1968, kisha asikilize wimbo huo huo kwa mikono ya Moore. Akimaliza, achukue gita lolote alilonalo, aimbe mstari mmoja, aache vipimo viwili vipite, na kwenye mzunguko unaofuata aujibu kwa noti tatu.