Shahidi na Wasomaji Wake: Jinsi Ushuhuda wa Rigoberta Menchú Ulivyopokewa

Tangu mwaka 1960 hadi 1996 nchi ya Guatemala, katika Amerika ya Kati, ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Miongoni mwa vitabu vilivyozaliwa na vita hivyo, kilichobishaniwa sana ni simulizi ya maisha ya Rigoberta Menchú, mwanamke wa Kikiche, mojawapo ya makabila ya Wamaya. Makala hii inakusudia kuchunguza jinsi wasomaji walivyokipokea kitabu hicho. Kanisa, ambalo laishi kwa neno la mashahidi, halina budi kujifunza namna ya kumsikiliza shahidi.

Mwezi Januari 1982, akiwa uhamishoni na umri wa miaka 23, Menchú alimsimulia mwanaanthropolojia Elisabeth Burgos maisha yake mjini Paris, kwa Kihispania, lugha ambayo hakuzaliwa nayo. Kitabu kilitoka mwaka 1983. Ndani yake twasoma habari za ndugu yake aliyeuawa na jeshi mwaka 1979. Za baba yake Vicente, katekista, aliyeteketea pamoja na watu wengine zaidi ya 30 katika Ubalozi wa Hispania tarehe 31 Januari 1980. Na za mama yake, aliyetekwa na kuteswa hadi kufa mwaka huohuo. Mwanzoni kabisa alitamka kwamba maisha yake ni maisha ya watu wake wote.

Wasomaji wa kwanza walikipokea kwa huruma kubwa. Vyuo vikuu vya Marekani vilikifundisha, na mwaka 1992 Menchú alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini wengi katika hao walimfanya kuwa sanamu: hawakumwuliza neno, maana walikwisha kuamua kwamba mwenye kuteswa hakosei.

Ndipo mtafiti Mmarekani David Stoll, aliyewahoji watu wengi katika eneo alikozaliwa Menchú, alipotoa kitabu chake cha mwaka 1999. Alidai kwamba ndugu yule hakuchomwa moto akiwa hai mbele ya wazazi wake kama ilivyosimuliwa, wala familia haikuwapo. Kwamba Menchú alipata kusoma shule, ingawa kitabu kilisema hakusoma. Na kwamba ugomvi wa ardhi wa baba yake ulikuwa kwa sehemu kubwa na jamaa wa ukoo wa mkewe. Hata hivyo, Stoll mwenyewe hakukana kwamba baba, mama na ndugu waliuawa kweli.

Wasomaji waligawanyika. Wako waliompigia kelele Menchú kuwa mwongo, wakataka anyang'anywe tuzo; Kamati ya Nobel ilikataa. Wengine walimshutumu Stoll kwamba analisafisha jeshi. Menchú alikiri kwamba alichanganya ushuhuda wa wengine na wa kwake.

Wakati mabishano hayo yakiendelea, Februari 1999 Tume ya Ukweli iliyoundwa kwa usimamizi wa Umoja wa Mataifa ilitoa taarifa yake. Ilikadiria kwamba watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kutoweka. Kati ya waathirika waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Na asilimia 93 ya maovu yaliyoandikwa yalihesabiwa juu ya vyombo vya dola na vikundi vyake. Mwezi Januari 2015 mahakama ya Guatemala ilimtia hatiani aliyekuwa mkuu wa kikosi cha polisi kwa moto wa ubalozi ule. Miaka 35 ilikuwa imepita.

Je, tuseme nini basi? Kwanza, kuchunguza ushuhuda si dhambi. Torati yadai mashahidi wawili au watatu, na yawaagiza waamuzi kuuliza kwa bidii. Askofu Juan Gerardi alitambua jambo hilo: mradi wa Kanisa Katoliki aliousimamia ulikusanya maelfu ya shuhuda, na taarifa yake ikatolewa tarehe 24 Aprili 1998. Siku mbili baadaye aliuawa. Hakuna aliyeweza kusema kwamba ni sauti ya mtu mmoja tu. Nasi Walutheri tunayo sehemu ndogo katika historia hiyo, kwa kuwa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni lilisaidia kuwakutanisha mahasimu mjini Oslo mwezi Machi 1990.

Pili, Amri ya Nane, kwa hesabu ya Katekisimo yetu, haimfungi shahidi peke yake. Shahidi atakayesema aliona asichokiona huwapa adui silaha dhidi ya wafu wake mwenyewe, afadhali aseme, "Haya niliambiwa." Lakini msomaji naye humshuhudia jirani uongo akitumia kosa moja la simulizi kuyafunika makaburi yote.

Mungu alipomwuliza Kaini habari za nduguye, Kaini alijibu kwa kulihoji swali. Ndiyo hatari ya kila msomaji wa vitabu vya namna hii. Ni halali kumwuliza Menchú aliona nini pale Chajul. Lakini tukiisha kuuliza, ndugu yake bado ni maiti, nasi bado twatakiwa kujibu.