Masasisho ya Programu na Malalamiko ya Wamiliki wa Magari ya Umeme

Model S, gari la umeme ambalo Tesla ilianza kuliuza Marekani mwaka 2012, liliweza kupokea programu mpya kwa intaneti likiwa limeegeshwa nyumbani kwa mwenyewe. Kwa miaka kadhaa wamiliki waliyapokea masasisho hayo kwa furaha, na walikuwa na sababu. Mwaka 2018, jarida la Consumer Reports lilipogundua kwamba Model 3 ilichelewa kusimama ikifungwa breki, kampuni ilituma marekebisho, na katika jaribio lililofuata gari likasimama karibu meta 6 mapema zaidi. Hakuna gari lililopelekwa gereji.

Dalili ya upande wa pili ilikuwa imeonekana Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokaribia Florida. Ili watu waweze kukimbia mbali, Tesla iliyaongezea umbali wa safari baadhi ya magari yake ya bei ya chini. Betri zilikuwa na uwezo huo tangu kiwandani, ila programu ilikuwa imeufunga. Mwenye kufungua, bila shaka, aliweza pia kufunga.

Mwaka 2019 alifunga. Aprili, Model S iliwaka moto katika maegesho ya chini ya jengo mjini Shanghai. Mei, nyingine ikaungua Hong Kong. Tesla ikatuma sasisho ikisema inachukua tahadhari. Betri ya gari hilo ina maelfu ya seli ndogo, na kila moja huhesabiwa imejaa ikifika takriban volti 4.2. Katika baadhi ya magari ya zamani kikomo hicho kilishushwa. Skrini iliendelea kuandika asilimia 100, lakini umeme uliobebwa ulikuwa pungufu, na wapo waliopoteza kilomita 40 na zaidi kwa kila chaji. Kuchaji kwenye vituo vya njiani nako kukawa kwa polepole. Programu ya zamani haikuweza kurudishwa, na aliyekataa sasisho alijinyima pia marekebisho ya usalama yaliyokuja nalo. Tahadhari dhidi ya moto ni jambo la haki. Kuwapunguzia watu mali waliyoilipia bila kuwaambia kiasi kilichopungua si haki.

Kesi ilifunguliwa California Agosti 2019. Mwaka 2021 Tesla ilikubali kulipa dola milioni 1.5 kwa magari 1,743, na baada ya kutoa gharama za mawakili kila mmiliki akapata takriban dola 625. Kwa mujibu wa nyaraka za mahakama, volti zilikuwa zimeshushwa kwa asilimia 10 kwa miezi mitatu hivi, kisha asilimia 7 kwa miezi saba mingine, hadi sasisho la Machi 2020 lilipoanza kuzirudisha. Magari 57 yalibadilishiwa betri. Nchini Norway, baraza la usuluhishi liliona hasara ni kubwa zaidi: liliamua baadhi ya wamiliki walipwe hadi kroner 136,000 kila mmoja, uamuzi ambao kampuni iliupinga.

Sheria ilifuata baadaye. Kanuni namba 156 ya Umoja wa Mataifa, inayotumika kwa magari yote mapya ya Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024, inamtaka mtengenezaji amweleze mtumiaji kabla ya sasisho lengo lake na kitakachobadilika. Sasisho likikatika katikati, gari lazima liweze kurudi kwenye programu ya awali au kubaki katika hali salama. Likikamilika na gari likapungukiwa uwezo, kanuni hiyo haimpi mmiliki haki ya kulirudisha lilivyokuwa.