Mwaka Mmoja wa Waziri Mkuu Mwenye Serikali

Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu wa Tanganyika ili akajenge chama chake, TANU. Uchaguzi haukuitishwa. Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull, alimkabidhi Rashidi Kawawa serikali kwa sababu wabunge walio wengi walikuwa upande wake. Nchi ikapata kiongozi mpya bila mwananchi hata mmoja kupiga kura.

Hivyo ndivyo serikali ya kibunge inavyokwenda, na Tanganyika ilikuwa nayo kwa mwaka mmoja kamili. Mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili. Turnbull alimwakilisha Dar es Salaam, akisaini sheria kwa ushauri wa mawaziri. Mamlaka yenyewe yalikaa Ukumbi wa Karimjee, kwenye viti vya wabunge. Waziri Mkuu alitoka miongoni mwao, na wakimnyima imani alipaswa kuondoka. Ni kweli kwamba TANU, iliyotwaa viti 70 kati ya 71 mwaka 1960, haikuwa na wa kuitikisa. Lakini kanuni ilikuwepo.

Serikali ya Kawawa ndiyo iliyoandaa mapendekezo ya kuufuta mfumo huo. Hoja yake ilikuwa nzito: kwa Mtanganyika, heshima ya mtawala na nguvu zake ni kitu kimoja, hawezi kumwelewa mkuu anayeheshimiwa tu huku mwingine akiamua. Novemba 1962, katika uchaguzi wa rais, Nyerere alimshinda mpinzani wake Zuberi Mtemvu kwa zaidi ya asilimia 97 ya kura, na tarehe 9 Desemba akaapishwa kuwa Rais. Cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa. Kawawa akawa Makamu wa Rais. Katiba mpya haikumlazimu Rais kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale sheria ilipoelekeza hivyo.

Kumuaga Malkia lilikuwa jambo la haki, na sina shaka nalo. Kinachoniuma ni kwamba pamoja naye iliondoka ile kamba iliyomfunga mwenye serikali kwa wabunge wake, na hilo halikuwa lazima.

Cheo cha Waziri Mkuu kilirudi mwaka 1972, kwa Kawawa yuleyule, ila mamlaka hayakurudi nacho. Katiba ya Tanzania ya 1977 inamtaja Rais kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Waziri Mkuu huteuliwa naye, kisha Bunge humthibitisha. Bunge pia linaweza kumpigia kura ya kutokuwa na imani. Februari 2008, ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond iliposomwa Dodoma, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kabla kura hiyo haijafikiwa. Barua yake aliiandikia Ikulu. Rais Jakaya Kikwete akamteua Mizengo Pinda, wabunge wakamthibitisha, na uongozi wa serikali ukabaki mikononi mwa Rais yuleyule.