Kuvua mukeke kwa ndoano: uzi mwembamba, mkono mwepesi

Mukeke, ambaye upande wa Kalemie wanamuita mikebuka, ni ndugu wa sangala. Anaishi katikati ya ziwa Tanganyika na anakula sana ndagala. Usiku wa giza, taa ya mtumbwi inavuta ndagala, na mukeke anawafuata.

Kumvua kwa ndoano hakuombi nguvu. Uzi uwe mwembamba, risasi iwe nyepesi, lakini iweze kushuka wima. Kamata uzi kati ya vidole viwili. Inua mkono kiasi cha shibiri moja, kiisha shusha pole pole, ndoano icheze kama ndagala aliyechoka. Mara nyingi samaki anauma wakati inashuka; uzi ukilegea hapo, hausikii kitu. Ukisikia mguso, usivute kwa ghafula: kaza, kiisha pandisha bila kusimama. Hakuna kitu? Badilisha kina kwanza, mbele ya kuhamisha mtumbwi.

Anayeanza ajizoeze mchana karibu na kando: ashushe risasi mpaka chini, mpaka vidole vijue tofauti ya mchanga na jiwe.

Juu ya nini kujisumbua hivi? Vitoto vya sangala vinakomalia kandokando, ndani ya majani ya maji. Chandarua cha mbu kinazoa vyote pamoja. Ndoano inachukua samaki mmoja mmoja, na mdogo anaweza kurudishwa majini akiwa mzima. Mtumbwi hautajaa sawa na wa wavu, lakini kesho samaki watakuwapo.