Wahesabu Nyota

Zamani, kabla kalenda za karatasi hazijafika nyanda za juu za Kericho na Bomet, mkulima aliyetaka kujua majira alitazama juu. Bwana A. C. Hollis, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza, alitoa mwaka 1909 kitabu juu ya Wanandi, ambao ni ndugu wa Wakipsigis kwa lugha na kwa desturi nyingi. Ameeleza humo kwamba kundi la nyota liitwalo Koremerik lilikuwa dalili ya mavuno: kwa kuonekana kwake au kutoonekana, watu walibashiri mwaka wa neema au wa upungufu. Kundi hilo hilo watu wa pwani huliita Kilimia, na msomaji atasikia mara moja neno "kulima" ndani ya jina hilo.

Ujuzi huo ulikaa kila mmoja kwao. Aliyoyaona mzee wa Silibwet hayakumfikia nahodha wa Lamu. Kuunganisha macho ya watu walio mbalimbali kulijaribiwa Uingereza mwaka 1715. Edmond Halley alichapa ramani ya kupatwa kwa jua kabla halijapatwa, akaomba wenye saa wapime muda wa giza mahali walipo. Majibu yakaja kutoka pande nyingi, naye akaisahihisha ramani yake kwayo.

Leo intaneti imeshika kazi ya barua. Tangu mwaka 2006 mradi uitwao Globe at Night, ulioanzishwa Marekani, huwaalika wanafunzi na watu wengineo watoke nje saa moja na zaidi baada ya jua kuchwa, pasipo mbalamwezi, wayazoeze macho giza kwa dakika kama 10, kisha walinganishe kundi la Jabari, yaani Orion, na michoro waliyopewa, na kupeleka habari. Hakuna darubini, macho yatosha. Habari zaidi ya 51,000 za miaka ya 2011 hadi 2022 zilichunguzwa, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba anga la usiku limezidi kung'aa kwa taa za watu kwa karibu sehemu 10 katika 100 kila mwaka. Kwa mwendo huo, mtoto azaliwaye mahali panapoonekana nyota 250 ataona kama 100 tu atimizapo miaka 18.

Lakini nyingi za habari hizo zilitoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Za Afrika zilikuwa chache mno hata mabadiliko ya bara letu hayakuweza kupimwa peke yake. Na mahali petu ni pazuri ajabu! Silibwet iko kusini mwa ikweta kwa chini ya digrii 1, hivyo nyota tatu za mshipi wa Jabari hupita juu ya utosi, na katika mwaka mtu huziona nyota za Salibu, ambazo mwanafunzi wa London hazioni kwao kamwe. Januari na Februari, kabla ya masika, ndiyo miezi ya kazi hii. Mwanafunzi mmoja asimame karibu na taa za sokoni, mwenzake aende kando ya mashamba ya chai, usiku ule ule na saa ile ile. Tofauti ya hesabu zao ndiyo habari inayotakiwa.