Ubuntu ya bure na Ubuntu ya kulipia: mwenye malori ananunua nini?

Na Mwandishi Wetu, Kigali

KATIKA Kinyarwanda, kitu kinachotolewa "ku buntu" hakilipiwi. Ndiyo maana mwenye malori wa hapa Kigali, akiambiwa na kijana anayemtengenezea mfumo wa kufuatilia mizigo kwamba kompyuta zitatumia Ubuntu, hana haja ya kuuliza bei. Ubishi huanza pale karatasi ya makisio inapoletwa ikiwa na mstari usemao: Ubuntu Pro, dola 500 kwa mwaka. Iweje kitu cha bure kidaiwe fedha?

Makala haya yanaeleza tofauti kati ya toleo la bure na lile la kulipia, kwa wafanyabiashara, mawakala wa forodha na wasafirishaji wanaoajiri watengenezaji wa programu bila wao wenyewe kuwa wataalamu wa kompyuta.

Ubuntu ni nini

Ubuntu ni mfumo endeshi wa kompyuta, yaani hufanya kazi ile ile inayofanywa na Windows. Umejengwa juu ya Linux, ambayo ni programu huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kuibadilisha. Toleo la kwanza la Ubuntu lilitoka Oktoba 2004. Linatengenezwa na kampuni ya Canonical, yenye makao London, iliyoanzishwa na raia wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth. Jina lenyewe limechukuliwa katika lugha za kusini mwa Afrika, kwa maana ya utu.

Kila baada ya miaka 2, mwezi Aprili, hutoka toleo la kudumu liitwalo LTS. Hilo ndilo linalofaa kazi za ofisi. Matoleo mengine yanayotoka katikati huhudumiwa kwa miezi 9 tu, na hayafai kwa seva ya biashara.

Yanayofanana

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba Ubuntu Pro si programu tofauti. Ni usajili unaoongezwa juu ya Ubuntu ile ile iliyokwisha kuwekwa. Mtaalamu huandika amri moja, pro attach, akaweka namba ya usajili, na kazi imekwisha. Hakuna kufuta wala kuweka mfumo upya.

Kwa hiyo vifaa vya mtengenezaji wa programu ni vile vile. Lugha ya Python, kompaila ya C na hifadhidata ya PostgreSQL vipo katika matoleo yote mawili. Aliyelipa hapati kompyuta yenye kasi zaidi. Mtu akikuuzia Pro kwa kukuahidi kasi, muulize vizuri.

Yanayotofautiana

Tofauti ya kwanza ni miaka ya matengenezo. Kila mfumo wa kompyuta hugunduliwa matundu ambayo wezi wa mtandaoni wanaweza kupitia, na matundu hayo huzibwa kwa marekebisho yanayotumwa kupitia intaneti. Toleo la LTS la bure hupata marekebisho hayo kwa miaka 5. Likiwa na Pro hufikia miaka 10. Kwa mfano, Ubuntu 24.04, iliyotoka Aprili 2024, itahudumiwa bure hadi 2029, na kwa Pro hadi 2034. Ubuntu 20.04 ilimaliza muda wake wa bure Mei 2025. Ofisi ambayo bado ina seva ya 20.04 bila Pro inafanya kazi na mlango usio na fundi.

Tofauti ya pili haijulikani sana, hata kwa baadhi ya watengenezaji wa programu. Programu za Ubuntu zimewekwa katika maghala. Ghala liitwalo main lina takriban programu 2,300, na hizo ndizo Canonical inazozihudumia kwa ile miaka 5 ya bure. Ghala liitwalo universe lina programu zaidi ya 23,000, na huko marekebisho hutegemea wanaojitolea: yanaweza kuja mapema, yanaweza kuchelewa. Pro huingiza ghala la universe katika huduma ya kampuni tangu siku ya kwanza.

Je, hilo linamhusu msafirishaji? Linamhusu. PostgreSQL, inayoweza kutunza orodha ya malori na mizigo yako, imo katika main. Lakini Node.js, ambayo vijana wengi huitumia kutengeneza tovuti na mifumo ya kufuatilia magari, imo katika universe. Mfumo mmoja unaweza kuwa na mguu mmoja katika kila ghala, na mwenye mali asijue.

Tofauti ya tatu ni huduma ya Livepatch. Inaziba baadhi ya matundu makubwa ya kiini cha mfumo bila kuzima kompyuta. Kwa laptopu ya mtengenezaji wa programu haina uzito mkubwa. Kwa seva inayopokea taarifa za magari usiku na mchana kutoka barabara ya Dar es Salaam kupitia Rusumo, au ile ya Mombasa kupitia Gatuna, ina maana.

Jambo moja Pro ya kawaida haina: mtu wa kumpigia simu. Msaada wa wataalamu wa Canonical hununuliwa kwa nyongeza. Wengi hudhani wamelipia fundi, kumbe wamelipia vipuri.

Bei

Bei zilizotangazwa na Canonical ni dola 25 kwa mwaka kwa kompyuta ya mezani au laptopu, na dola 500 kwa seva. Lakini Oktoba 2022 kampuni hiyo ilitangaza pia kwamba Pro itatolewa bure kwa matumizi binafsi na ya biashara ndogo, mwisho kompyuta 5. Huduma hiyo ilizinduliwa rasmi Januari 2023.

Hebu tupige hesabu. Wakala wa forodha mwenye seva 1 na laptopu 4 ana kompyuta 5, hivyo anaweza kujisajili bila kulipa. Kampuni yenye seva 2 na laptopu 8 itahitaji dola 1,000 kwa seva na dola 200 kwa laptopu, jumla dola 1,200 kwa mwaka. Aliyemo katika kundi la kwanza asikubali kulipishwa fedha za kundi la pili kabla ya kusoma masharti.

Funzo la CentOS

Wapo watakaosema: tuchukue ya bure tu, siku zote ipo. Kilichotokea kwa CentOS kinaonyesha vinginevyo. Hiyo ilikuwa nakala ya bure ya Red Hat Enterprise Linux, mfumo wa kulipia wa Kimarekani, na seva nyingi duniani ziliitegemea. CentOS 8 ilitarajiwa kuhudumiwa hadi 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 ikatangazwa kwamba huduma itakoma tarehe 31 Desemba 2021. Waliojenga juu yake walibakiwa na mwaka mmoja na siku chache. Wengine walihamia Rocky Linux na AlmaLinux, zilizoanza kutolewa 2021. Wengine wakaanza kulipa. Programu haikuwadai fedha, lakini kuhama kuliwagharimu siku za kazi.

Kwa nini suala hili si la fundi peke yake

Tangu 2012 Mamlaka ya Mapato ya Rwanda ina mfumo wa dirisha moja la kielektroniki kwa shughuli za forodha. Mfumo huo unatunzwa na serikali. Lakini nakala za ankara, vitambulisho vya wateja na namba za simu za madereva zimo katika kompyuta za wakala na msafirishaji, na ulinzi wake ni juu yao.

Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi, inamtaka anayetunza taarifa za watu aiarifu mamlaka husika ndani ya saa 48 baada ya kufahamu kwamba zimevujishwa. Saa hizo zikianza kuhesabiwa, swali halitakuwa tena kama Ubuntu ilikuwa ya bure au ya kulipia. Litakuwa: nani alikuwa na kazi ya kuziba matundu, na mara ya mwisho aliziba lini?

Ushauri

Kwa laptopu ya kuandikia programu, toleo la bure linatosha, ilimradi mtumiaji ahamie LTS mpya kabla ya miaka 5 kwisha. Kwa seva yenye taarifa za wateja, chagua moja kati ya mawili: Pro, au mtu mwenye jukumu la kufuatilia marekebisho na kuhamisha mfumo kwa wakati, kazi hiyo ikiwa imeandikwa katika mkataba wake.

Kabla ya kusaini makisio, muulize mtaalamu wako maswali manne. Seva inatumia toleo gani, na muda wake unakwisha mwaka gani? Mfumo wetu unatumia programu zipi za universe? Je, tumo ndani ya zile kompyuta 5 za bure? Na wewe ukiondoka, nani atabaki na namba ya usajili?

Anayeyajibu bila kusitasita anastahili kusikilizwa, awe amependekeza ya bure au ya kulipia. Kwenye seva pia mwombe aandike amri ya pro security-status mbele yako. Itaorodhesha idadi ya programu zinazohudumiwa na zisizohudumiwa, na haichukui hata dakika moja.